Kontena la miksa na maji ya kisima: kisa cha duka moja la vifaa vya bafu hapa Malindi

Wenye duka wameniruhusu kuandika, kwa sharti nisitaje jina, mtaa wala gesti iliyohusika. Tarakimu za pesa na idadi za mzigo nimezizungusha kidogo. Mimi nilikua nawasaidia vitabu vya hesabu tangu mzee yupo hai, kwa hivyo mengi hapa niliyaona kwa macho, na machache nimeambiwa na Mama mwenyewe.

Duka na soko lake

Lilikua hadiwea ya kawaida tu, saruji, misumari, mabati, rangi, na kona moja kule nyuma ya mabomba na mipira. Mzee alipofariki likabaki mikononi mwa mkewe, ambae mafundi wote wanamuita Mama na mimi nitamuita hivyo hivyo, na mtoto wao wa pili, nitamuita Kijana, wakati huo ana miaka ishirini na saba na simu haimtoki mkononi.

Ile kona ya nyuma ndio iliyokua ikikua, na ukitazama sababu unaziona. Bafu la zamani la pwani halikua na kitu cha kununua dukani. Birika la chokaa la kuwekea maji, kata ya kifuu, na choo cha kuchuchumaa, basi. Mpaka leo ukiingia nyumba za kale za Lamu utayakuta mabirika na ndani yake wamewekwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Sasa hesabu bafu la leo: choo cha kukalia na tangi lake, besini, miksa ya besini (bomba la kuchanganya maji moto na baridi), shawa, ango valvu mbili au tatu (vile vikoki vya kufungia maji), mipira ya fleksi ya kuunganishia, shatafu, trapu ya chini, kishikio cha taulo, kioo. Ni vipande kumi na kitu kwa bafu moja, na siku hizi mtu akijenga vyumba vitatu anataka kila chumba na bafu lake. Halafu watu wenyewe wameongezeka, sensa ya 2009 iliipa Kaunti ya Kilifi watu 1,109,735 na ya 2019 ikatoa 1,453,787, na wote hao wanalala mahali na wanaoga.

Ila sio kila kitu cha bafu kinakua kwa njia moja, na hili Kijana alikua hajaliona bado. Vitu vikubwa vyenye hewa ndani au vizito kwa bei yake, kama matangi ya plastiki, paipu na taili, vinatengenezwa hapa hapa nchini kwa sababu kuvisafirisha kutoka mbali ni hasara. Kiwanda cha taili cha Twyford kule Kajiado kilianza 2016 na bei za taili sokoni zikabadilika. Lakini bomba, miksa, katriji (kile kipande cha ndani kinachofungua na kufunga maji), hivyo ni vidogo, vinataka kalibu na upimaji wa hali ya juu, boksi moja la mkononi linabeba thamani kubwa, kwa hivyo mpaka leo vingi vinatoka nje, na Uchina ndio baba lao. Kuna miji kule ambayo kazi yake ni mabomba tu, Shuikou ndani ya Kaiping na Nan'an kule Fujian, na Chaozhou ni vyoo na mabesini.

Wazo la kontena

Mpaka 2022 walikua wananunua jumla Mombasa. Miksa ya brasi inawafikia kwa 3,800 hivi wanauza 4,600, faida ndogo, na mteja analalamika bei. Kijana akawa anaona kwenye simu miksa nyeusi, za dhahabu, za maji kuporomoka kama maporomoko, kwa dola chache. Akapata wakala Guangzhou, wakaungana na wafanyabiashara wawili wa Mombasa kushirikiana kontena moja, sehemu yao ikawa miksa kama 600, shawa kubwa za mvua, na shatafu za chuma.

Niseme ukweli, kwenye karatasi hesabu ilikua nzuri na mimi niliipitisha. Miksa ilikua ifike dukani kwa 1,400 na iuzwe 2,600. Nilikagua ushuru, VAT ya asilimia 16, cheti cha ukaguzi wa ubora ambacho lazima kitoke kabla mzigo haujaondoka kule, gharama za bandarini na lori la kutoka Mombasa. Nilikagua kila kitu isipokua chuma. Sikuuliza imetengenezwa na nini, na Kijana alipomuuliza wakala aliambiwa "aloi ya hali ya juu" akaridhika. Mama peke yake ndie aliesema, mbona nyepesi hivi? Hii ilikua sampuli moja iliyokuja kwa ndege. Tukamjibu ni teknolojia mpya.

Walilipa asilimia 30 ya kwanza Februari 2023, dola ikiwa karibu shilingi 126. Salio la asilimia 70 walilipa Juni, dola imefika 140. Kabla kontena halijapanda meli faida ilishaliwa kipande, na hapo ndipo Kijana akaamua kupunguza gharama kwa kuacha vipuri: katriji za akiba, washa, vichwa vya kubadilisha. Uamuzi mdogo wa dakika tano kwenye simu, ukumbukeni huu.

Miezi minne ya furaha

Mzigo ulifika Agosti. Wakapaka duka rangi, wakatengeneza ukuta wa maonyesho wenye taa, miksa zimepangwa kama vito vya sonara. Watu walikuja mpaka kutoka Watamu na Mambrui, na kuna boti moja ilibeba maboksi yao mpaka Lamu kwa mtu anaekarabati nyumba ya zamani, mzigo ukashuka gatini ukapanda punda. Mpaka Disemba zilikua zimetoka kama 380. Gesti moja ya vyumba kumi na viwili ilibadilisha mabafu yote kwa mara moja, miksa, shawa na shatafu, kujiandaa na msimu wa sikukuu.

Mafundi walikua wanaletewa shilingi mia mbili kwa kila miksa waliyomshauri mteja anunue. Hii ni kawaida ya mji, sio wao walioianzisha, lakini itatusumbua kwenye uchambuzi.

Usiku wa daku

Malalamiko yalianza Januari 2024 kidogo kidogo. Shatafu imeota kutu. Miksa imetoka malengelenge, rangi inabanduka ukigusa kwa ukucha. Bomba limekua gumu kugeuza. Kila mara duka lilijibu vile vile, fundi wako amekaza vibaya, au unasafishia sabuni kali.

Halafu ikaja Ramadhani, mwezi wa tatu. Kwenye ile gesti, wakati wa daku, mlinzi alikua ameamka kula akasikia maji yanateremka ngazini. Miksa ya chumba cha juu ilikua imekatika shingo pale inapoingia kwenye mpira wa fleksi, na maji yameshamwagika kwa masaa, dari ya chini imeshuka, magodoro mawili yameloa, na mgeni amehamishwa chumba saa kumi alfajiri. Kumbe fundi wa gesti nae alipokagua vyumba vingine akakuta tatu zaidi zina ufa pale pale.

Mwenye gesti, mzee mstaarabu sana, alikuja dukani baada ya asri na kile kipande kimefungwa kwenye leso. Akakiweka juu ya meza akasema, "Bi mkubwa, mimi sikuja kugombana na we, ni mwezi mtukufu huu. Nitazamie tu hiki kisha uniambie we mwenyewe."

Nilikishika. Nje bado kinang'aa kabisa, krom safi, lile ganda la kung'aa. Pale kilipokatika ndani ni kijivu, chembechembe, unakisugua na kidole kinameguka kama biskuti iliyoingia maji. Fundi mmoja mtu mzima aliekuwepo akachukua msumari, akakwaruza ndani ya uzi wa miksa mpya kutoka kwenye boksi, ikatoka alama ya kijivu. Akachukua miksa ya zamani ya jumla Mombasa akakwaruza, ikatoka njano. "Hii brasi," akasema, "ile zinki." Wakaziweka kwenye mizani ya misumari, ya zinki gramu 480 na ya brasi 790, umbo karibu moja. Ule wepesi aliouona Mama.

Kilichokua kinatokea ndani ya ukuta

Gesti nyingi huku, na nyumba nyingi za karibu na bahari, zina laini mbili za maji. Moja ni ya mfereji, inatoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Ya pili ni kisima cha uani, na kisima cha karibu na bahari kina chumvi. Maji ya mfereji yakikatika mtu anafungulia ya kisima kwenye tangi, na wengine wanatumia ya kisima bafuni siku zote ili kupunguza bili.

Chumvi inapenya kwenye vitundu vidogo vya krom, ambavyo macho hayavioni, inakuta zinki chini na kuila, na zinki ikiliwa inafura ndio yale malengelenge. Brasi nayo sio salama moja kwa moja, maana ni shaba iliyochanganywa na zinki, na chumvi inaweza kuitoa zinki ikabaki shaba nyekundu laini kama sponji, lakini inachukua muda mrefu zaidi, na ziko brasi zilizotengenezwa kuhimili hilo. Hata chuma kisichoshika kutu kina daraja, ile ya 304 iliyojaa madukani na ile ya 316 yenye madini ya molibdenamu ambayo ndio hufungwa kwenye mashua na mahali pa bahari.

Kijana alinunua kipima chumvi, kidude kama kalamu unakichovya kwenye glasi. Maji ya kisima cha ile gesti yakasoma karibu 2,900, ya mfereji hapo hapo mia tatu na kitu. Halafu tukapiga simu kwa wateja waliokua hawajalalamika kabisa, na karibu wote wako kwenye maji ya mfereji peke yake. Hapo ndipo kila mtu akanyamaza.

Mabishano na uamuzi

Kijana alikua anaogopa, na simlaumu, kuna deni la benki. "Mama, tukimbadilishia mmoja watakuja wote. Waranti hatukuandika, risiti zimeandikwa mali ikitoka hairudi."

Mama akamwambia, "Wacha waje, mwanangu. We unawaona wateja, mimi nakaa nao mkeka mmoja harusini na matangani. Nitawaangalia vipi?"

Waliamua mambo manne, na nilikuwepo. Kwanza, kila mwenye maji ya kisima alienunua miksa abadilishiwe, awe na risiti au hana, bora alete ile ya zamani. Kwa nini hata asie na risiti? Kwa sababu miksa zile hakuna mwengine mjini aliekua nazo, ukiiona unajua imetoka wapi. Pili, ile gesti ifungiwe yote upya kabla ya Idi na dari itengenezwe kwa gharama ya duka. Tatu, miksa 220 zilizobaki zishushwe ukutani, ziuzwe tu kwa mtu ambae maji yake yamepimwa, kwa bei ya chini, na anaambiwa ni zinki. Nne, wasibadilishe kwa brasi kila mahali.

Hili la nne ndilo lililonifundisha mimi zaidi, na lilitoka kwa yule fundi mtu mzima. Alisema kwenye laini ya chumvi wekeni plastiki. Bomba la plastiki nzuri, shatafu ya plastiki, ango valvu ya plastiki, paipu ya PPR, ile ya plastiki ngumu. Chumvi haina la kufanya hapo. Brasi iende kwenye laini ya mfereji, besini na jikoni. Wateja mwanzo walikataa, plastiki wanaiona ya kimaskini, na mwenye gesti mwenyewe aliuliza kama mgeni aliyelipa pesa yake atashika bomba la plastiki. Fundi akamjibu mgeni anaflashi choo na anaoga, hashiki ango valvu, ile iko chini ya tangi. Wakagawana hivyo, panapoonekana brasi na panapojificha plastiki, na laini ya shawa ikahamishiwa maji ya mfereji.

Jambo jengine tulilokuta wakati wa kufungua vyumba, na hili niombe mlisome vizuri: vyumba viwili vilikua na zile shawa za umeme za kupasha maji papo hapo, za aina ya maji matamu ya kawaida, zimefungwa kwenye laini ya kisima, na moja haikua na waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini ukivuja. Maji ya chumvi yanapitisha umeme kuliko maji matamu. Zipo shawa zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, na tofauti yake na hizi ni maisha ya mtu. Mama alilipa fundi wa umeme azitoe siku ile ile, ingawa hazikutoka dukani kwake.

Matokeo

Walibadilisha miksa kama 140. Mwaka 2024 duka lilipata hasara, tena hasara ya kuumiza, na Kijana aliuza pikipiki yake. Kontrakta mmoja mkubwa aliwahama na hajarudi. Yule wa Lamu alisamehe, maana nyumba yake inatumia maji yanayotoka visima vya mchanga wa Shela na miksa zake zilikua bado nzima, lakini walimpelekea za brasi mbili za akiba kwa boti.

Kati ya zile 220, kama 130 zimetoka kwa bei ya chini kwa wenye maji ya mfereji. 90 ziko stoo mpaka leo.

Katikati ya 2025 hesabu zikaanza kukaa sawa, na nilipozifungua nikakuta pesa haitoki pale nilipodhani. Faida nzuri kwa shilingi sasa inatoka kwenye droo moja ya mbao yenye vipuri, katriji za milimita 35 na 40, washa, vichwa vya shatafu, mashini ya ndani ya tangi la choo, mipira ya fleksi. Kitu cha shilingi mia mbili, mia tatu, lakini mtu anakuja kila siku, na akija katriji anaondoka na bomba.

Uchambuzi wangu

Kosa la kwanza watu husema ni "mali ya Uchina". Mimi nakataa. Zile za brasi za jumla Mombasa nazo zilitoka Uchina, huenda mtaa huo huo. Kiwanda kule kinakutengenezea unachoagiza kwa bei unayotaka, na sisi tuliagiza picha. Hatukuandika kwenye oda ni chuma gani, uzito gani, krom ya unene gani. Cheti cha ukaguzi kilikuwepo na kilikua halali, lakini cheti hakijui uani kwako kuna kisima cha aina gani.

Kosa la pili ni langu zaidi kuliko la Kijana. Nilipima faida kwa kila miksa nikasahau kupima ni ngapi zitarudi. Tofauti ya 1,400 na 3,800 ilinipofusha. Ukichukua gharama ya kubadilisha, dari, magodoro, mafundi na jina la duka, ile miksa ya 1,400 ndio bidhaa ghali kuliko zote zilizowahi kuingia pale. Ningekua nimeweka hata miksa kumi kwa nyumba kumi zenye visima tofauti kwa miezi minne kabla ya kuagiza 600, tungeyaona malengelenge kwa hasara ya shilingi elfu kumi na nne.

Kuacha vipuri nako kuliharibu kuliko tulivyodhani. Hata miksa ambazo mwili wake ulikua mzima zilikufa kwa katriji, sababu maji ya mfereji yakirudi baada ya kukatika yanakuja na mchanga, mchanga unakwaruza sahani za kauri ndani, bomba linaanza kudondoka. Kitu cha kurekebisha kwa dakika kumi kikawa takataka kwa kukosa kipande cha shilingi mia tatu.

Mafundi wengine walijua. Nilipowauliza baadae, wawili waliniambia waliona wepesi wa ile miksa siku ya kwanza, ila mia mbili ya mkononi inafunga mdomo. Mama ameiondoa ile mia mbili, sasa fundi analipwa akimpeleka mteja apimiwe maji, ainunue asinunue. Gharama ni karibu ile ile, lakini fundi analipwa kwa kusema ukweli. Nadhani huu ndio uamuzi bora kuliko yote waliyofanya, na ndio ambao maduka mengine ya hapa hayajauiga.

Kuhusu kubadilisha bila risiti, wapo walionambia ni ujinga wa biashara. Nilihesabu, walioleta miksa bila risiti hawakuzidi ishirini. Katika mji kama huu habari inatoka Shela ya Malindi mpaka Maweni kabla ya adhana ya pili, na mwenye gesti yule yule aliekuja na kipande kwenye leso ameshawaletea gesti nyengine tatu.

Ambalo halijatatuliwa

Presha. Zile shawa kubwa za mvua zimeandikwa kwenye boksi zinahitaji ba moja, ba ni kipimo cha presha, na ba moja ni maji kuanguka kutoka mita kumi. Matangi yetu mengi yako juu ya dari, mita tatu hivi, hiyo ni ba 0.3, kwa hivyo shawa ya sahani kubwa inadondosha matone badala ya mvua. Dawa ni pampu, lakini pampu inataka umeme na bili, au kuchagua shawa ndogo ya presha ya chini ambayo haipendezi kwenye picha. Mama anataka kuacha kuziuza kabisa. Kijana anataka aziuze pamoja na pampu kama seti moja. Mwezi uliopita walifunga seti moja nyumbani kwao wenyewe, kwenye bafu la Mama, na kila asubuhi Kijana anaandika usomaji wa mita ya umeme ukutani kwa penseli.